Wapagazi kwanza, askari baadaye: kugeuza na kupaka rangi visanamu vya vita vya 1914-1918 hapa kwetu

RasKasone (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu nirushe zile picha za meza yangu ya vita vya Tanga, watu wananifuata pembeni, kila mmoja na swali lake: plastiki gani, rangi gani, mbona wapagazi wengi kuliko wanajeshi. Nimeona bora nimwage yote hapa.

Kwa mgeni wa mambo haya: ni visanamu vya plastiki vya skeli ya 1/72, mtu mzima anafika kama sentimita mbili na nusu. Unavikata, unavigeuza, unavipaka rangi, halafu unavipanga mezani na kupigana kwa kete na utepe wa kupimia. Ulaya wanacheza hivi miaka nenda miaka rudi. Vita vya Napoleon vina kila kisanamu unachokitaka, mpaka mpiga ngoma na mpishi. Vita vya kwetu, vya Mjerumani na Mwingereza, ukibahatika utapata askari wa tarbushi na Mzungu wa kofia ya jua, basi. Kilichobaki utajichongea mwenyewe.

Nina hoja moja, na nitaigombania humu mpaka mwisho wa uzi: ukitaka jeshi la vita hivi, anza na wapagazi.

Tazama hesabu. Kombania moja ya Mjerumani mwaka 1914 ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, Wazungu 16 hadi 20, bombomu (bunduki za rashasha) mbili au zaidi, na wapagazi wasiopungua 250. Hapo hatujagusa maboi wa askari, wake zao na watoto waliofuata nyuma ya msafara. Wanyama wa kubeba walimalizwa na mbung'o. Jenerali Smuts wa upande wa Mwingereza alipoingia na jeshi lake mwaka 1916, farasi walimfia kwa maelfu. Kwa hiyo kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila kipande cha mzinga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Mwingereza peke yake inakadiriwa wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, wala si risasi. Halafu mtu anakuletea meza yenye askari sitini na hakuna hata mpagazi mmoja. Hao askari wanakula nini?

Haya, mpagazi anatoka wapi. Mimi nawatoa kwenye maboksi ya Wazulu ya 1/72, kwa sababu ni rahisi na miili iko wazi. Unakata ngao na mkuki, unakwangua manyoya ya kichwani na mikia ya magotini. Shida ni kwamba Mzulu wa boksini anakimbia, na mpagazi hakimbii. Chagua waliosimama au wanaotembea. Anayekimbia mchovye miguu kwenye maji yaliyochemka, mnyooshe na vidole, kisha mtie haraka kwenye maji ya baridi. Wengine watakubali, wengine watarudi walikotoka. Hao wafanye wamekaa chini wanapumzika.

Kisha shingo, na hapa ndipo visanamu vya wapagazi vinavyotoka Ulaya vinaponikera. Wanawachonga wameinama, kichwa kimelala mbele, mzigo umekaa nyuma ya kisogo kama unataka kuanguka. Mtu mwenye kilo 25 kichwani hainami hata siku moja, akiinama ameumia. Nenda asubuhi sokoni Ngamiani ukae pembeni utazame: shingo wima, kidevu kimeingia ndani kidogo, macho mbele, magoti hayajanyooka kabisa, hatua fupi. Mkono mmoja juu unashika ukingo wa mzigo, wa pili unaning'inia au umeshika fimbo. Kata kichwa cha kisanamu, toboa shingo kwa sindano ya moto, chomeka waya mwembamba, rudisha kichwa kikiwa wima. Kazi ya dakika chache na kisanamu kinabadilika kabisa.

Halafu ngata. Sijawahi kuona kisanamu cha kununua kilichotiwa ngata! Mzigo umebandikwa juu ya fuvu moja kwa moja. Chukua uzi wa cherehani wa kahawia, uzungushe kwenye msumari mwembamba mara nne tano, paka gundi nyeupe ya mbao, acha ukauke, uvute. Hiyo ndiyo ngata. Ibandike kichwani, juu yake weka mzigo. Sanduku la risasi ni kipande cha kifutio kilichokatwa kwa wembe. Gunia ni karatasi ya chooni iliyoloweshwa gundi na kukunjwa. Hema lililokunjwa ni karatasi ya sigara na uzi wa kufungia. Tia na sufuria, kitanda cha Mzungu kilichokunjwa, kuku wawili watatu waliofungwa miguu. Mizigo isifanane.

Mavazi: shuka la merikani, kaniki, blanketi kuukuu, wengine kipande cha gunia tu kiunoni. Kaniki usiipake nyeusi tupu. Ni buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, na ikishafuliwa sana inapauka kwenye mapindo na kuwa na ukijivu wa buluu. Merikani nayo si nyeupe ya karatasi. Tia tone la njano ya udongo, na kuanzia magotini kwenda chini tia vumbi jekundu.

Sasa askari wa Mjerumani. Boksi ninalolipenda ni la Legion ya Kigeni ya Ufaransa, kwa sababu ya kepi yenye kitambaa cha shingoni. Kata ukingo wa mbele wa kepi, jaza pati (dongo la kuzibia) kidogo juu mpaka iwe imesimama sawasawa, umepata tarbushi ya vitani yenye kifuniko cha kaki na kitambaa cha kufunika kisogo. Koti refu la Legion lipunguze kwa wembe lifike chini kidogo ya kiuno. Mbele ya tarbushi kuna tai mdogo wa madini. Kwa skeli hii ni nukta moja ya fedha, usijaribu kumchora mabawa. Sare kaki, mkanda na mifuko ya risasi ya ngozi ya kahawia, vitambaa vya kuzungushia miguuni buluu iliyokolea. Ombasha na shaushi, yaani koplo na sajini, wanajulikana kwa tepe nyekundu mkono wa kushoto.

Ila kabla ya kuchanganya kaki, amua ni mwaka gani. Sare ya Tanga, Novemba 1914, ni safi na inafanana. Mwaka 1916 bahari imeshafungwa na manowari za Mwingereza, nguo hazitoki Ujerumani, kwa hiyo wanasuka na kushona wenyewe na kutia rangi kwa mizizi ya mdaa, inatoka njano ya kahawia. Kila askari na kaki yake, viraka, wengi peku. Na baada ya Ngomano, tarehe 25 Novemba 1917, walipompiga Mreno kule Ruvuma na kuchukua ghala lake, nusu ya jeshi inatembea na bunduki na nguo za Kireno. Askari wa 1918 aliyevaa sare mpya iliyonyooshwa pasi ni kichekesho.

La mwisho ni ngozi, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Kuna tabia ya kupaka Waafrika wote kahawia moja kutoka kwenye kichupa kimoja, kisha kung'arisha sehemu zilizoinuka kwa kuongeza nyeupe. Matokeo yake mtu mzima anaonekana kapauka kama mtoto aliyetoka kuogelea mtoni hajapakwa mafuta. Nyeupe weka mbali kabisa. Anza na kahawia nzito yenye tone la buluu, hiyo ni ya kwenye vivuli: chini ya kidevu, ndani ya kiwiko. Juu yake kahawia nyekundu. Sehemu zilizoinuka, yaani pua, mashavu na mabega, ongeza njano ya udongo kwenye hiyo hiyo kahawia nyekundu. Viganja na nyayo vina rangi yake, na kwa mpagazi aliyeinua mkono kiganja kinaonekana, usikisahau. Halafu badilisha vipimo kisanamu kwa kisanamu. Jeshi lile lilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengine tele. Pita stendi yoyote leo uone kama utapata watu kumi wa rangi moja.

Karibuni kwa maswali na kurushiana mawe.

Chapakazi77

Mtu mzima na ndevu zako unapaka rangi midoli. Shemeji anasemaje?

RasKasone

Shemeji yako ndiye aliyenisahihishia ngata. Alisema ya kwangu ni nyembamba, kwa ngata ile mtu angetoboka utosi. Na kuku waliofungwa miguu ni wazo lake.

Chapakazi77

Hahaha haya, nakaa siti ya mbele basi.

Mama Rangi

Kaka, mimi ni mwalimu wa sanaa, wanafunzi wangu wawili wameanza mambo haya. Kinachotushinda ni rangi kubanduka. Tunapaka vizuri, siku mbili tatu bunduki na singe zimeshabaki plastiki tupu. Tunatumia rangi za tyubu za akriliki za duka la vifaa vya shule. Tatizo ni rangi?

RasKasone

Dada, rangi za tyubu hazina neno ukizipunguza kwa maji mpaka ziwe kama maziwa na ukapaka mara mbili tatu. Tatizo ni plastiki yenyewe. Hii ya 1/72 nyingi ni laini na ina utelezi, na kiwandani wanaipaka mafuta ili itoke kwenye kalibu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza, kausha. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, nusu kwa nusu, kisanamu kizima. Ikikauka inakuwa kama ngozi inayojikunja pamoja na bunduki, na rangi inashika juu yake. Mwisho kabisa vanishi isiyong'aa.

Praima ya kupuliza ya magari nayo inafaa, ile ya kijivu au nyeusi isiyong'aa, lakini kwanza ijaribu kwenye kisanamu usichokipenda. Baadhi zina tina kali, zinaacha plastiki inanata, wala si kwa wiki moja tu, inanata daima.

Na wanafunzi wasitegemee supa gluu peke yake kwenye plastiki laini, haishiki. Toboa pande zote mbili, pitisha waya, ndipo utie gundi. Mkono usio na waya utauokota chini ya meza.

Mama Rangi

Asante sana. Na hapo kwenye ngozi umenigusa, nimewachapia wanafunzi maelezo yako. Nyongeza moja kutoka kwangu: mtu akiwa na jasho, mahali pa kung'aa mwanga unachukua rangi ya mbingu. Kwenye bega na paji la uso tia nukta ndogo ya kahawia yenye buluu nyepesi, juu ya zile njano. Ndogo sana. Wapagazi wako watakuwa wametembea tangu alfajiri.

RasKasone

Hii naiiba.

Mwana wa Ruvuma

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi ni mtu wa Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu 67 pale mjini, Nkosi (chifu) Mputa Gama akiwemo, na kila mwaka siku hiyo tunakwenda makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Waliosimama na bunduki kulinda kamba walikuwa hao hao wa tarbushi. Waliochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi walikuwa hao hao. Mkuu, kazi yako ni nzuri kwa mikono, lakini kisanamu hicho nyumbani kwangu hakivuki kizingiti. Na najiuliza kwa nini wewe unampaka tai wa fedha kichwani kwa uangalifu wote huo.

RasKasone

Ndugu yangu, hilo la kizingiti sina la kukubishia. Namtia tai kwa sababu alikuwa na tai, na aliyechomewa ghala alimwona akija na tai huyo. Nikimfanya askari asiye na alama, nimemsitiri.

Meza yangu ina kona moja ambayo kwenye picha haikuonekana vizuri. Ni kijiji, msafara umefika, ghala la mtama limefunguliwa juu na watu wa msafara wanapakua. Vita hivi vyote vilikwenda hivyo, pande zote mbili. Ugogo waliichota nafaka, ng'ombe na vijana, mvua nayo ikagoma, ikaja njaa ya Mtunya. Mchezo wa kete hauwezi kuonyesha hayo, kwa hiyo nayaweka kwenye mandhari.

Mwana wa Ruvuma

Ghala sawa. Lakini bado naona yule mwenye bunduki umempaka vizuri kuliko mwenye ghala.

RasKasone

Mwenye ghala na mkewe wamekula muda wangu kuliko kombania nzima. Kanga... samahani, ni kaniki na shuka, lakini mikunjo yake ilinitoa jasho. Picha ya karibu naiweka, uhukumu mwenyewe.

Mwana wa Ruvuma

Iweke. Nitahukumu kweli.

Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Bwana RasKasone, umewapa Wajerumani kila kitu, sisi wa KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza) umetuacha uchi. Niongeze kidogo kwa atakayetaka upande wa pili.

Mwaka 1914 KAR walikuwa wachache, batalioni tatu tu: ya kwanza ya Nyasaland, ya tatu ya Kenya na ya nne ya Uganda. Ya pili ilikuwa imevunjwa mwaka 1911, ikafufuliwa vita vilipopamba moto. Mpaka mwisho walifika batalioni 22. Kwa mpaka rangi maana yake ni hii: ukitengeneza 1914 na 1915, Waafrika upande wa Mwingereza wawe wachache na Wahindi wawe wengi, ukitengeneza 1917 na 1918, geuza.

Mavazi ya vitani: kofia ndogo ya kaki yenye kitambaa cha kisogoni, sweta ya buluu iliyokolea, kaptura ya kaki, miguuni vitambaa vya buluu, chini peku au ndara. Sweta ndiyo inayowatenganisha na askari wa Mjerumani ukiwa mbali na meza. Kwa kisanamu, usikate nguo. Koti la Legion likishapunguzwa, sugua vifungo kwa msasa laini mpaka vipotee, ibaki sweta tu.

Na usihangaike na picha za mtandaoni. Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba: askari, mpagazi na mpiga bunduki Mwarabu. Sanamu ya Dar es Salaam pale Samora ni ya mikono ya mchongaji huyo huyo, James Alexander Stevenson, ilizinduliwa 1927. Zunguka sanamu, piga picha mgongoni. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha mgongo wa askari vizuri hivyo, mikanda inavyopita na chupa ya maji ilipokaa.

RasKasone

Bwana Kilindini, hapo kwenye mgongo umemaliza. Watu wote wanapaka mbele, halafu kisanamu kinakwenda vitani kikiwapa mgongo wachezaji muda wote.

Wa Bukavu

Aksanti kwa uzi, ndugu zangu. Msisahau Wakongomani, sisi ndio tulioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 chini ya Jenerali Tombeur wa Ubelgiji. Kwa rangi, Force Publique, yaani jeshi la Kongo ya Mbelgiji, ni raha kuliko wote: vita vilipoanza walikuwa na nguo ya buluu nzito, tarbushi nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni. Baadaye wakavalishwa kaki. Mimi ninao walio nusu kwa nusu, nguo kaki na tarbushi bado nyekundu. Mtu akiniuliza namwambia stoo ilichelewa.

Kilindini

Stoo ya jeshi ilichelewa tangu zama hizo.

Jibaba la Pongwe

Swali kwa RasKasone: nyuki je? Huwezi kutengeneza vita vya Tanga bila nyuki.

RasKasone

Nilikuwa nangoja nani atauliza.

Kwa wasio wa Tanga: Waingereza walishusha jeshi kutoka India hapa Ras Kasone usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, watu kama 8,000 chini ya Jenerali Aitken. Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani, alikuwa na kama elfu moja, wengi wakiletwa kwa treni kutoka Moshi. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4. Ardhi ilikuwa mashamba ya mpira na minazi, kichaka kizito, huoni hatua ishirini. Mizinga ya nyuki ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaipasua, na nyuki wakawavamia watu wa 98th Infantry, kikosi cha Wahindi, wakatawanyika. Wajerumani nao waliumwa, wasijidai. Waingereza baadaye walisimulia kwamba Mjerumani aliwategea nyuki kwa waya. Hiyo ni aibu tu ilikuwa inatafuta nguo.

Mezani: mzinga wa nyuki ni kipande cha kijiti cha meno, sentimita moja hivi, kilichozungushiwa ganda la kitunguu lililokauka ili kiwe kama gogo. Utundike kwenye mti kwa uzi. Nyuki wenyewe ni pilipili manga iliyosagwa, imenyunyizwa kwenye pamba iliyochanwa ikawa nyembamba kama utando, na kushikishwa kwa vanishi ya kupuliza. Pamba nyingine, isiyo na pilipili, ifanye moshi wa bunduki. Kombania nyingi za Mjerumani zilikuwa bado na bunduki ya 1871 inayotumia baruti nyeusi, kila risasi wingu jeupe. Weka kipande cha pamba mbele ya kila kundi lililopiga, na mpinzani wako aruhusiwe kulilenga. Kwa sheria hiyo moja utaelewa kwa nini Lettow alifurahia vile alivyoviokota baada ya vita: mwenyewe ameandika kwamba bunduki za kisasa zilitosha kombania tatu, na risasi zilikuwa 600,000.

Kwa hiyo kombania ya 1915 unayoitengeneza, wape baadhi bunduki za Kiingereza. Kata bunduki kutoka kwa visanamu vya Waingereza, usiharibu vya Legion.

Jibaba la Pongwe

Na majani? Yako yanaonekana majani kweli, si ile unga ya kijani inayouzwa.

RasKasone

Katani, ndugu yangu, na wewe uko Pongwe! Kata nyuzi ziwe za milimita nne au tano, zisimamishe kwenye gundi nyeupe kwa kibano, zikikauka paka kijani ya njano ncha zake tu na uache chini rangi yake. Udongo ni mchanga mwembamba wa pwani uliochekechwa, umepakwa nyekundu ya matofali na kupitishiwa brashi kavu yenye rangi ya mchanga. Minazi natumia waya wa umeme wenye nyuzi nyingi. Zungusha gundi na uzi kwa shina, makuti ni karatasi iliyokatwa pembeni kwa mkasi. Shina lisinyooke. Mnazi ulionyooka kabisa ni mlingoti.

Handaki la reli usilisahau, ndilo lililokata uwanja na ndipo watu wengi waliangukia.

Mama Rangi

Wahindi unawapata wapi? Nimetafuta boksi la 1/72 la Wahindi wa wakati huo, bei pamoja na ushuru ni ya kununulia mbuzi.

RasKasone

Usinunue, dada. Chukua Mwingereza yeyote wa kaki, kata kofia, kilemba kizungushe kwa uzi mnene ulioloweshwa gundi, kuanzia kwenye sikio la kulia ukipandisha. Shati lirefushwe kwa karatasi nyembamba lifike karibu na goti. Kwa 13th Rajputs na 61st Pioneers inatosha kabisa. Nyuso zao nazo zina vipimo vyake vya rangi, usiwapake ile ya Waingereza ukaongeza chai.

Kilindini

Kuna kitu nataka kujaribu nikiwa na nafasi, mnisaidie mawazo. Mzinga wa Königsberg, manowari ya Mjerumani. Meli hiyo ilizamishwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, wakaopoa mizinga yake kumi ya sentimita 10.5, karakana za Dar es Salaam zikaitengenezea magurudumu ya kukokotea, ikapigana nchi kavu mpaka ilipokwisha mmoja mmoja. Mmoja upo hapa Fort Jesus, napita mbele yake kila siku. Mwana wa Ruvuma atasema ninatukuza chuma, lakini nataka kuutengeneza pamoja na watu wanaoukokota. Ulivutwa na mamia ya watu kwa kamba.

Mwana wa Ruvuma

Ukiweka watu wote kwenye kamba sitasema neno. Ukiweka kumi kwa niaba ya mamia, nitasema.

RasKasone

Mtutu ni wa urefu wa kalibu 40, yaani mara arobaini ya upana wa tundu lake, mita 4.2. Kwa 1/72 ni milimita 58 na kitu. Mrija wa wino wa kalamu unatosha kwa sehemu ya mbele. Nyuma uzungushie karatasi yenye gundi tabaka juu ya tabaka mpaka unenepe, kisha usugue kwa msasa usionekane ngazi. Tundu la mdomoni ni milimita moja na nusu tu, kwa hiyo mrija ukiwa wazi sana ujaze pati na utoboe upya.

Watu wa kamba: Wazulu wanaokimbia, wale tuliowakataa kwenye upagazi. Wameshaegemea mbele tayari. Kata mikono yote miwili kwenye viwiko, igeuze nyuma ishike kamba begani. Kamba ni uzi wa katani uliosokotwa.

Nisaidie kitu kimoja ukipita Fort Jesus: pima mzunguko wa mtutu kwa utepe, mahali pale unapoanza kunenepa na tena kwenye kitako. Picha haziniambii.

Kilindini

Jumamosi nitakwenda na utepe wa fundi cherehani. Mlinzi akiniuliza nitamwambia naushonea mzinga kanzu.